Leseni ya Marehemu

Katika ofisi yetu, swichi ndiyo mfanyakazi pekee ambaye hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Haiumwi, haicheleweshwi na foleni ya Bendera Tatu, haidai posho ya safari. Imekaa ndani ya kabati la chuma kwenye chumba cha nyuma, taa zake za kijani zinapepesa usiku na mchana, na kampuni nzima, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, inaamini intaneti hutoka kwenye kile kisahani cheupe kilichobandikwa darini. Mtandao ukikatika, watu hukitazama kisahani kwa jicho la lawama. Swichi hawajui hata kama ipo.

Nami napenda iwe hivyo. Swichi ikishaanza kutajwa hadi jikoni wanakopika chai, ujue mambo yameharibika. Yetu mwaka jana ilitajwa hadi jikoni.

Kwa asiyeijua, swichi ni kisanduku chenye safu za matundu ya nyaya. Hupokea data kutoka tundu moja na kuipeleka kwenye tundu la mhusika, bila kuwasumbua wengine. Swichi ya kwanza ya Ethernet ilitolewa mwaka 1990 na kampuni ndogo ya California iitwayo Kalpana, ikiwa na milango 7 tu. Mwaka 1994 Cisco ikainunua kampuni yote. Tangu hapo visanduku hivi vimeota akili. Ndani yake mna kompyuta kamili yenye mfumo endeshi wake, na mfumo huo huzeeka, hutoboka na kudai toleo jipya.

Sisi ni mawakala wa forodha. Makao makuu yako katikati ya jiji la Dar es Salaam, maghala yako Kurasini jirani na bandari, na kati ya hapo na pale kuna mkongo wa nyuzi unaoingia kwenye ile swichi kubwa ya makao makuu. Ikilala swichi, Kurasini inakuwa kisiwa.

Balaa lililetwa na mkaguzi wa usalama wa mifumo. Kijana mtanashati, amevaa suti siku ya jua kali, mkononi ana orodha ndefu. Oktoba 2023 Cisco ilitangaza tundu kwenye mfumo wake wa IOS XE, tundu lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, na vifaa maelfu kwa maelfu duniani vikawa vimeshaingiliwa kabla kiraka hakijatoka. Tangu hapo kila mkaguzi mjini anaulizia tundu hilo.

"Tundu la Oktoba mmeliziba?"

"Swichi zetu si za Cisco, kaka. Hilo tundu kwetu halipo."

"Sawa. Lakini mmeliziba?"

"Halipo."

"Kwa hiyo halijazibwa." Akaandika.

Mkurugenzi wetu, kama wakurugenzi wote wenye shughuli nyingi, husoma ukurasa wa mwisho wa ripoti tu. Ukurasa wa mwisho ulisema swichi ipandishwe toleo. Akaniita. "Kijana, hiyo nini hii, swichi, ipandishe cheo haraka." Nikamwambia ni toleo, Mzee. Akasema cheo au toleo, mwisho wa mwezi iwe imepanda.

Nikasoma maelezo ya toleo jipya, neno kwa neno. Yalikuwa marefu, na yalieleza kwa upendo mkubwa mambo yasiyomhusu mtu yeyote, kama vile rangi mpya ya ukurasa wa kuingilia. Katikati kabisa, baada ya jedwali la halijoto, palikuwa na sentensi moja nyembamba: kuanzia toleo hili, baadhi ya vipengele vitahitaji leseni halali. Nikampigia wakala aliyetuuzia swichi. "Bosi, usiwe na wasi," akasema. "Leseni yenu ipo." Hili neno "ipo" naomba ulikumbuke.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivi. Ulinunua mashine, na programu ilikuja nayo. Mwaka 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kutoza programu na huduma kando na mashine, na tangu hapo biashara nzima ikagundua kwamba kitu kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili. Kwenye swichi ilichukua muda, lakini ilifika. Siku hizi kiwandani hutengenezwa faili moja la mfumo lenye vipengele vyote ndani yake, vya tajiri na vya maskini, na leseni ndiyo inayoamua vipi vifanye kazi. Kipengele kimo humo kwenye kisanduku chako, umekilipia usafiri na ushuru hadi mlangoni, lakini hukigusi. Mwaka 2017 Cisco ilipoleta familia ya Catalyst 9000, swichi mpya iliuzwa pamoja na usajili wa miaka 3, 5 au 7. Juniper nao wana ustaarabu wao: vipengele kadhaa kwenye swichi zao, ukivitumia bila leseni, mfumo hukuonya kwamba leseni inahitajika, kisha hukuacha uendelee, ubaki na dhamira yako. Waliotengeneza ya kwetu siwataji. Niseme tu kwamba hawakutaka kuniachia dhamira.

Kazi kama hii hufanywa Jumamosi usiku, watu wakiwa harusini. Nikabaki mimi, kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, na mlinzi aliyekuja kila baada ya muda kuuliza kama tumemaliza ili afunge. Tukachomeka ule waya bapa wa bluu wa konsoli, ambao kila fundi wa mtandao anao mmoja na hamwazimi mtu. Tukapakia faili la mfumo mpya, tukahakiki halikuharibika njiani, tukaiamuru swichi izime na kuwaka.

Swichi ikizimwa ili iwake na toleo jipya, taa zote hufa kwa pamoja. Feni hunguruma kwa nguvu mara moja, kisha hunyamaza. Kwenye skrini hutokea nukta, moja baada ya nyingine, na fundi huzihesabu kwa moyo si kwa macho. Kijana wa mafunzo akauliza, "Kaka, ikikataa kuwaka inakuwaje?" Nikamwambia maswali mengine tuyaache hadi asubuhi.

Ikawaka. Toleo jipya, safi. Tukapeana mikono. Kisha nikatazama saa yake, nikakuta iko Januari 1, 1970.

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe hiyo, na kifaa kikipoteza saa yake hurudi pale pale kwenye chanzo. Kwa saa za Dar es Salaam ni saa tisa usiku. Reli ya TAZARA bado haijaanza kujengwa. Mimi sijazaliwa. Swichi ikiwa katika hali hiyo, ikaamua kwamba jambo la kwanza maishani ni kwenda kwa walioitengeneza kuulizia leseni yake. Ikajaribu kuifikia seva yao ng'ambo. Seva ikatoa cheti chake cha usalama, kama inavyotakiwa. Swichi ikakitazama cheti, ikaona kimeanza kutumika zaidi ya miaka hamsini baadaye, ikakikataa. Huwezi kuilaumu. Hata mimi mtu akinipa hati iliyogongwa mhuri wa karne ijayo nitamtilia shaka.

Tukairekebisha saa kwa mkono. Safari hii ikaishia njiani, maana njia ya kwenda intaneti inapita kwenye vipengele vilevile ambavyo vinasubiri leseni. Yaani swichi inahitaji mtandao ili ipate leseni, na inahitaji leseni ili ilete mtandao. Kijana wa mafunzo alicheka hadi akakaa chini. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikaunganisha laptopu, laptopu ikaunganishwa na swichi, na kisanduku kinachobeba data za kampuni nzima kikapanda mtandaoni kwa bando la wiki nililojiunga nalo mwenyewe. Baadaye nilipopeleka madai ya bando lile uhasibu, yalirudi na swali kwa kalamu nyekundu: "Swichi ina laini ya simu?"

Seva ya ng'ambo ikajibu kwa adabu: swichi hii hatuijui. Papo hapo mistari ya OSPF, ile itifaki ambayo ruta na swichi kubwa hutumia kuambiana nani anakaa wapi, ikawa imekataliwa yote. Kurasini ikawa kisiwa. Ila waungwana hawakutuacha hivi hivi. Kulikuwa na amri moja ya kuomba muda wa majaribio, siku 90, vipengele vyote bure. Nikaiandika, nikakubali mkataba mrefu bila hiari nyingine, mistari ikarudi, Kurasini ikarudi. Mlinzi akafunga.

Siku 90 zinaonekana nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kununua kitu kupitia idara ya manunuzi.

Jumatatu nikampigia wakala. "Uliniambia leseni yetu ipo."

"Ipo, bosi. Nimeiona. Iko kwenye namba ya swichi yenu." Akaisoma namba. Haikuwa ya swichi yetu. Ilikuwa ya ile iliyotangulia, iliyoungua siku umeme uliporudi kwa hasira, tukairudisha kiwandani chini ya dhamana wakatuletea hii. Leseni ilikuwepo kweli. Ilikuwepo kwa jina la marehemu.

Na kama ilivyo kwa mali yoyote ya marehemu, kuiona si kuirithi. Nikaandikiana na huduma kwa wateja wa kiwanda. Akanipokea mtu mpole kupita kiasi, anayeanza kila jibu kwa kunishukuru kwa subira yangu.

"Tafadhali ingia kwenye kifaa cha zamani uiondoe leseni, kisha uihamishie kwenye kipya."

"Kifaa cha zamani kiliungua."

"Pole sana, na asante kwa subira yako. Tafadhali kiwashe, kisha uingie."

"Kiliungua, na mnacho ninyi. Tuliwarudishia."

"Asante kwa maelezo. Basi mwenye akaunti athibitishe kwa barua pepe."

Mwenye akaunti alikuwa fundi aliyenitangulia, ambaye alishahamia Doha. Barua pepe yake ya kazini ilifungwa siku aliyoondoka, kwa maelekezo ya Utumishi. Ili kuifungua ilibidi nijaze fomu, na fomu pekee iliyokuwepo ni ya mtumishi anayerejea kazini. Dada wa Utumishi akaisoma, akanitazama.

"Amerudi?"

"Hajarudi, dada. Inarudi barua pepe yake."

"Itaanza kulipwa lini?"

Nilipofanikiwa hatimaye, akaunti ikadai jambo moja zaidi, lile swali la siri ambalo mwenyewe alilichagua siku ya kujisajili: jina la mnyama wako wa kwanza wa kufugwa. Nikampigia Doha.

"Kaka, mimi sijafuga hata kuku," akasema. "Itakuwa niliandika chochote. Jaribu Simba."

Nikajaribu. Ikakataa.

Kimya kirefu upande wa pili. Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefunga mlango kwanza: "Jaribu Yanga."

Ikafunguka. Miaka yote tuliyofanya naye kazi huyu bwana alikuwa akivaa jezi nyekundu kila siku ya mechi, anachangia ngoma, anatukana watani. Sijamwambia mtu. Nimeandika hapa tu, na jina lake sikulitaja.

Ndani ya akaunti tukamkuta marehemu kaacha leseni, na leseni imeshaisha muda. Ilikuwa ya usajili, na usajili ulikatika bila mtu kujua, kwa sababu barua za ukumbusho zilikuwa zinakwenda kwenye ile barua pepe iliyofungwa. Urithi wote ukawa ni haki ya kununua upya.

Basi nikaomba profoma. Ikaja kwa dola, pamoja na VAT asilimia 18, nikaipeleka kwa Mama wa Uhasibu. Huyu mama tunamheshimu wote, ameikuta kampuni ikiwa na meza mbili na hakuna shilingi iliyowahi kumponyoka. Akavaa miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni nini?"

"Leseni ya swichi, mama."

"Swichi si tulinunua?"

"Tulinunua, mama. Hii ni ruhusa ya kuitumia."

Akavua miwani. "Tulinunua bila ruhusa ya kuitumia?"

Kuna watu wamesoma sheria za hataza na hakimiliki kwa miaka, wakaandika vitabu, na hawajalisema jambo hili kwa ufupi huo. Nikajaribu kueleza. Nikataja vipengele, viwango, usajili wa miaka mitatu. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza mzigo unafika lini. Nikasema hakuna mzigo, inakuja kwa barua pepe. Akasema utaratibu wa kampuni uko wazi: hailipwi ankara mpaka mtunza stoo aupokee mzigo na kusaini. Nikampigia wakala. Wakala akasema utaratibu wa kwao nao uko wazi: leseni haitoki mpaka malipo yaonekane benki.

Hapo ndipo siku 90 zilipoishia. Kila mmoja alikuwa sahihi, kila mmoja alikuwa na waraka wa kumtetea, na swichi kila usiku wa manane iliandika kwenye logi yake zimebaki siku ngapi. Mkurugenzi akaniuliza kama hakuna za bure. Zipo, nikamwambia, kuna mfumo wa SONiC ambao Microsoft iliutoa wazi mwaka 2016, lakini swichi yetu haimo kwenye orodha ya vifaa unavyovikubali, kwa hiyo tutahitaji kununua swichi nyingine. Akaniambia nisimletee tena mambo ya bure.

Siku ya mwisho ikafika. Nilikuwa nimewatahadharisha wakuu wote wa idara kwa barua. Watu walichapa nyaraka zao mapema. Mmoja wa mawakala wetu wa bandarini alijaza gari mafuta, sikujua kwa nini, naye hakujua. Usiku wa manane nikawa macho mbele ya skrini, na muda ulipotimia swichi ikaandika kwamba muda wa majaribio umekwisha. Kisha ikaendelea na kazi. Asubuhi ilikuwa inafanya kazi. Kesho yake pia. Kila baada ya saa moja iliandika kwamba imekwisha, na kila baada ya saa moja ilikuwa haijaisha.

Nikarudi kwenye ule mkataba mrefu, nikakuta ufafanuzi: muda ukiisha, vipengele vilivyokwisha kuwashwa vitaendelea hadi swichi itakapozimwa. Yaani tunaweza kuishi hivi hadi kiama, mradi tu isizimwe. Nikabandika karatasi kwenye kabati: USIZIME. Nikamweleza mfanyakazi wa usafi. Nikamweleza fundi wa viyoyozi. Hapo ndipo swichi ilipoanza kutajwa jikoni, kama mgonjwa wa nyumbani ambaye hatakiwi kushtuliwa. Betri za UPS zilikuwa zimeshakufa, na maombi ya betri mpya yalikuwa kwenye faili lilelile la Mama wa Uhasibu, karatasi moja chini ya leseni.

Umeme ulikatika Alhamisi asubuhi. Jenereta liliwaka haraka, nalisifu. Lakini sekunde chache zilitosha. Swichi ikazimika, ikawaka, ikaangalia leseni, ikayatupa mambo yote ya OSPF nje.

Kiwango cha chini kisichohitaji leseni kinaruhusu kuandika njia kwa mkono, lakini njia 16 tu. Fundi mwenzangu anayesoma hapa atauliza kwa nini sikuifupisha Kurasini yote iwe njia moja. Anwani za kule zilipangwa na mafundi waliopishana kwa miaka, kila mmoja akianzia alipopenda, hazifupiki. Mitandao midogo ya Kurasini ni 18. Kwa hiyo miwili itakosa.

Habari ilisambaa kabla sijaandika hata mstari mmoja. Mezani kwangu pakawa na foleni. Msimamizi wa ghala akasema bila mizani yake malori yatarudi hadi Bendera Tatu. Mkuu wa ulinzi akasema bila kamera yeye hana jukumu la kitakachoibiwa. Madereva wakatuma mjumbe kutetea WiFi yao, akaja na chapati. Na kundi kubwa la wafanyakazi, ambalo sijawahi kuliona likikubaliana juu ya jambo lolote, lilikuja kwa sauti moja kuniomba kwa moyo safi kabisa niiache nje ile mashine ya mahudhurio ya alama za vidole.

Sikutaka ugomvi na mtu. Nikasema nitafuata namba za mitandao, moja hadi kumi na sita, asiwepo wa kuonewa. Wa 18 ulikuwa wa mashine ya mahudhurio. Wa 17, kwa upangaji wa mafundi walionitangulia ambao mimi sina mkono wangu humo, ulikuwa wa Uhasibu, waliohamishiwa Kurasini kwa ajili ya nafasi.

Mama wa Uhasibu alinipigia kabla ya chai. Mfumo wa malipo haufunguki, risiti za EFD hazisomeki, benki haionekani. Nikamweleza kwa heshima zote: mama, swichi imeishiwa ruhusa ya kutumika. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lilimaliza kila kitu: "Hiyo barua pepe ya leseni, inaweza kuchapwa?"

Nikasema inaweza.

"Basi ni mzigo."

Kabla ya adhuhuri malipo yalikuwa yamesainiwa, yakapelekwa benki kwa mkono maana mtandao haukuwepo. Alasiri leseni ikaingia: PDF ya ukurasa mmoja yenye mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Nikaichapa, nikaipeleka stoo. Mtunza stoo akaigeuza pande zote mbili.

"Hii tu?"

"Hiyo tu."

"Uzito?"

Tukaandika kipande kimoja. Akaisaini hati ya kupokelea mali, akaigonga mhuri, akaibandika kibandiko cha namba ya mali ya kampuni, akaiweka rafu ya juu, kati ya boksi la wino wa printa na feni mbovu. Nikaingiza ile namba ndefu kwenye swichi. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. OSPF ikarudi, Kurasini ikarudi, na mashine ya mahudhurio ikarudi pamoja na nyuso za huzuni.

Mwisho wa mwaka wakaguzi wa hesabu walipohesabu mali, walipanda hadi rafu ya juu. Kwenye safu ya hali ya mali wameandika "nzuri". Mama wa Uhasibu akaongeza kwa mkono wake tarehe ambayo leseni itaisha, akaizungushia kwa kalamu nyekundu, akaandika jina langu pembeni. Katika kampuni nzima, yeye ndiye aliyelielewa jambo hili kwa haraka kuliko wote: kifaa kimenunuliwa, ruhusa imekodiwa, na mwenye kuikodisha ana kalenda.

Kazi yenyewe ya kupandisha toleo, ile tuliyosomea, yenye waya wa bluu na nukta kwenye skrini, ilimalizika usiku ule ule wa Jumamosi. Yote yaliyofuata yalikuwa namba ya kifaa, barua pepe ya nani, mkataba wa lini, ankara kwa jina gani, na nani anasaini. Siku hizi kabla sijagusa swichi yoyote nauliza hayo kwanza, na kila jibu nalitunza kwenye faili la karatasi, kwa sababu faili la karatasi halihitaji kusajiliwa ng'ambo.

Hivi karibuni tuliajiri fundi msaidizi. Waombaji wote walikuwa na vyeti vizuri, na wote walieleza OSPF vizuri kuliko mimi. Kisha nikawauliza: leseni za swichi za mahali ulipotoka zilikuwa kwa barua pepe ya nani, na zinaisha lini? Wakatazamana na meza. Mmoja tu alijibu pale pale, kwa mwezi na mwaka. Nikamuuliza alijifunzia wapi mambo hayo, akasema kabla ya kompyuta alikuwa karani wa masijala. Tukamchukua.